Sijida Ndefu ya Mwalimu Mohdhar

Tulimwacha Mwalimu Mohdhar amesujudu, paji la uso limeganda kwenye mkeka, na safu nne za waumini nyuma yake zimeinama vilevile. Hakuna aliyethubutu kuinuka, kwa sababu imamu hajainuka.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungiwa sukari kabla hujalisoma, nikurudishe njiani upesi. Mohdhar ni mtu wa Lamu, mwalimu wa chuo cha Kurani nyuma ya soko kuu la Nairobi. Mwaka juzi alipasuliwa mawe ya figo. Hospitalini walimchoma sindano za kutuliza maumivu, zile zenye asili ya kasumba, wakamchoma na kumchoma mpaka kidonda kikafunga. Kilipofunga wakamwambia nenda nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba mwili wake ungeendelea kuidai ile sindano.

Akaanza kunywa dawa ya tumbo ya dukani, ile ya matone yenye kasumba ndani yake. Kwanza kijiko, baadaye chupa. Alipotaka kuacha hakujua pa kwenda. Huko Uthiru mganga alimnywesha mizizi, akaharisha mpaka akalisahau jina lake. Dagoretti Corner, tabibu mmoja mwenye zahanati, Kinyanjui, alimsikiliza kwa upole mpaka aliposikia neno kasumba. Hapo akaufungua mlango na kumwambia kwamba watu wa namna yake hupokelewa mahali pawili tu, kwa polisi na kwa wendawazimu, achague mwenyewe.

Aliyemhurumia ni Daktari Chunilal wa Kilimani. Huyu alimtengenezea dawa ya siri, kasumba iliyopunguzwa chupa hadi chupa, anywe asubuhi, mchana na jioni mpaka mwili usahau. Na mwili ulikuwa umeanza kusahau. Ndipo ikaingia Ramadhani ya mwaka huu wa sitini na saba, imamu mkuu akaenda Mombasa kutibiwa macho, Mohdhar akaachiwa kusalisha tarawehe, sala za usiku, na mambo yakaharibika kwa namna ambayo daktari wa Kihindi asingeiota.

Haya. Turudi mkekani.

Nyuma ya imamu hasa, katika safu ya kwanza, alikuwa Idarus, karani wa bohari, rafiki yake tangu walipokuwa wakichokoza punda huko Lamu. Idarus alisubiri. Akaleta tasbihi zake zote za sijida, akazirudia, akazirudia tena.

"Subhanallah," akasema kwa sauti, kama maamuma wanavyomkumbusha imamu aliyekosea.

Akapandisha sauti.

"Subhanallah!"

Mwalimu hakutikisika. Mzee mmoja katika safu ya pili akaanza kulia kwa kwikwi, na kilio cha mtu anayesali huambukiza upesi kuliko surua. Wa pembeni akalia. Wa nyuma wakalia. Sasa nani angeinua kichwa?

Idarus akafanya jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha fikihi. Alinyoosha mkono, akaukuta unyayo wa imamu, akaufinya kwa kucha.

"Allahu akbar!"

Mohdhar akaibuka kama mtu aliyetolewa kisimani. Hakujua ni rakaa ya ngapi. Akakisia, akasoma tahiyatu, akatoa salamu kulia na kushoto, na kumbe alikisia sawa. Kisha akakaa vivyo hivyo, hageuki, anangoja kuambiwa atoke.

Aliyemjia ni Bwana Munir, mfanyabiashara wa vitambaa na mdhamini wa msikiti. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mwalimu," akasema, "kwa umri wangu huu sijapata kusali nyuma ya mtu mwenye khushuu, moyo uliozama katika sala, kama yako."

"Bwana Munir, mimi..."

"Usiseme. Ukisema utaipunguza."

Akamshika mkono akaubusu, mbele ya watu wote. Kisha akawageukia waumini. "Kumi la mwisho la mwezi linaingia keshokutwa jioni. Mwalimu atakaa itikafu hapa msikitini mpaka mwezi uandame, hatoki ila kwa haja. Na mimi nitakaa ubavuni pake mchana na usiku. Nani mwingine?"

Mikono ikapanda kila upande. Mohdhar alisikia maneno yale mawili tu, mchana na usiku.

Walipotoka, Idarus alimfuata mpaka kwenye kona.

"Umenifinya," akasema Mohdhar.

"Ulikuwa umelala."

"Watu wote walidhani ni ibada."

"Watu wote ni watu wote. Mimi nilijua."

"Ulijuaje?"

Idarus akapiga mwayo mrefu, akajifuta pua kwa leso, akasema vumbi la Nairobi hili litamuua, akashika njia ya kwao.

Saleha, mke wa Mwalimu, alikuwa nyuma ya pazia upande wa wanawake na alisikia yote. Yeye hakulia. Alitangulia nyumbani, kwenye vyumba vyao juu ya duka la viatu, akaiweka chupa ya dawa mezani na kumngoja.

"Baba Zainab, daktari alisema unywe mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu. Na mara tatu nakunywa."

"Saa ngapi?"

Mohdhar akavua kofia, akaigeuzageuza.

"Baada ya futari."

"Hiyo ni ya jioni. Ya asubuhi je?"

"Baada ya futari."

"Haya, daku usingizi hukushinda. Na ya mchana?"

"Saleha, wewe ulitaka ninywe saa ngapi? Mchana nimefunga!"

"Zote tatu kwa mpigo mmoja? Juu ya uji na sambusa, kisha ukasimame mbele ya watu?" Saleha akajishika kichwa. "Ndiyo maana umelala. Na ndiyo maana kila alasiri wazunguka humu ndani kama kuku anayetaka kutaga. Mie nikadhani ni njaa, kumbe umejitia usiku mzima katika dawa na mchana mzima pasipo dawa!"

"Ni mwezi mmoja tu."

"Mgonjwa ameruhusiwa kula. Si wewe unayewafundisha watoto chuoni? Mgonjwa na msafiri wale, walipe baadaye. Aya hiyo binti yako Zainab aikariri hata akifagia."

"Mgonjwa wa nini, Saleha?" Mohdhar alisema kwa sauti ya chini. "Mwenye homa husema ana homa. Mwenye kifua hukohoa, watu wakamsikia. Mimi nikionekana nakunywa kitu mchana wa Ramadhani nitaulizwa naumwa nini. Nijibu nini?"

"Sema ni figo."

"Figo? Bwana Munir ndiye aliyenitoa hospitali kwa gari lake, akachinja mbuzi kwa kuwa nimepona. Nimwambie mbuzi wake ameliwa bure?"

Saleha akacheka. Kicheko chenyewe hakikufika mbali, kikageuka kilio.

"Mie naogopa, mume wangu. Leo ulilala ukaamka. Siku utakayolala usiamke, nitawaambia nini watu? Kwamba ulizidiwa na khushuu?"

Mohdhar alimpenda mkewe na alimwonea haya, na mambo hayo mawili yakikaa pamoja kifuani mtu hapumui vizuri. Saleha akaichukua chupa, akaifungia kabatini, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso yake.

"Asubuhi nenda kwa daktari. Umwambie ukweli."

Asubuhi ikamkuta tayari anamwaga jasho. Pua ilichuruzika. Miayo ilikuja mmoja juu ya mwingine, mirefu, ya kuumiza taya. Miguu ndiyo ilikuwa mibaya zaidi, maana haikutaka kukaa mahali, haikutaka kusimama, haikujua inachotaka.

"Wewe mzee, viti iko mingi, kaa chini!" kondakta alimkemea ndani ya basi la Ngong Road.

"Siwezi kukaa, mwanangu."

"Basi shuka, utembee na mguu yako!"

Akashuka kweli. Akatembea njia yote iliyobaki mpaka Kilimani, na kutembea kukawa nafuu.

Langoni kwa daktari alimkuta Mwololo, mtunza bustani, amevaa koti la suti la bosi wake juu ya suruali ya kazi.

"Daktari iko ndani, lakini leo hapana ona watu. Nafunga masanduku."

"Masanduku ya nini?"

"Naenda Ulaya, yeye na mama. Mimi nabaki na hii koti na mbwa."

Mohdhar akapita bila kubisha hodi. Sebuleni hapakuwa na kiti hata kimoja. Daktari Chunilal alikuwa amepiga magoti, anapigilia misumari kwenye sanduku la mbao.

"Mwalimu! Kwa nini wewe kuja leo? Siku yako Jumatatu."

"Unasafiri, daktari?"

Daktari akaiweka nyundo chini polepole. "Jumatano. Paspoti yangu ya Mwingereza, na sheria mpya sasa nataka kibali. Kibali mimi sina. Nimezaliwa Ngara hapa, baba yangu amekufa, maiti yake amechomwa hapa, sasa naenda kujifunza baridi na nywele nyeupe."

"Hukuniambia."

"Nilitaka kumaliza wewe kwanza. Wewe ulikuwa karibu sana." Akainuka, akamshika kidevu, akalivuta kope la chini na kuitazama mboni. Uso wake ukabadilika. "Kwa nini jasho hivi? Dawa ya asubuhi umekunywa saa ngapi?"

Mohdhar akamwambia ukweli, kama alivyoagizwa. Daktari akalikalia sanduku.

"Tatu pamoja? Mwalimu, mimi nahesabu tone kwa tone, nakushusha pole pole kama mtoto kwa ngazi, na wewe kila jioni naruka kwa dirisha!"

"Tumefunga, daktari. Ni Ramadhani."

"Mimi najua Ramadhani! Nimekaa na majirani Waislamu maisha yangu yote. Mungu yako hapana sema mgonjwa akule?"

"Amesema."

"Basi?"

"Mungu anajua kwamba naumwa. Watu ndio hawajui."

Sushila, mkewe, aliingia na gilasi ya maji kwa ajili ya mgeni, akaiona kofia, akakumbuka mwezi, akarudi nayo jikoni bila kusema neno.

"Nipeleke kwa daktari mwingine," Mohdhar akasema. "Nitakwenda popote."

"Nimeuliza tayari. Rafiki yangu mmoja naenda London mbele yangu. Wa pili nasema ugonjwa huu yeye hapana jua. Wa tatu alikata simu."

"Na hospitali?"

"Iko ya wazimu. Kule watakufungia pamoja na mtu anapiga kelele, bila dawa, mpaka mwili nyamaze yenyewe. Mgonjwa mwingine natoka mzima. Mwingine natoka, siku hiyo hiyo narudi kununua chupa."

"Nchi nzima hii?"

"Nchi nzima, mimi sijui ingine." Daktari alimtazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. "Na wewe nafikiri uko peke yako. Wote nafikiri hivyo. Kwangu wamekuja makarani, wamekuja mama wa watoto, amekuja nesi na sare yake. Wote kwa mlango wa nyuma. Kila mmoja naniambia, daktari, mimi tu ndiye niko hivi katika watu wetu."

"Nani? Wa kwetu?"

"Majina daktari hasemi."

Miguu ya Mohdhar ilikuwa imeanza tena. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Daktari alimfuata kwa macho, kisha akapiga kofi juu ya sanduku kama mtu aliyekata shauri.

"Sikia. Ayah wetu, yaya Munyiva, amekwisha kwenda kwao Machakos. Chumba yake iko wazi huko nyuma, kitanda moja. Kesho jioni kuja na bibi yako. Mimi nakaa na wewe mchana na usiku mpaka Jumatano. Sushila atafunga masanduku. Ile kipande ya mwisho ndiyo mbaya, lazima mtu akuangalie, na mimi nitakuangalia. Ndege nikipanda, wewe umepona."

Mchana na usiku. Maneno yaleyale ya Bwana Munir, na jioni ileile.

"Keshokutwa haiwezekani?"

"Keshokutwa nimekosa siku. Sitaweza kumaliza kazi, na kazi nusu ni mbaya kuliko hapana. Hapa utakula mchana, utakunywa dawa kwa saa yake, hakuna mtu atakuona." Akamtilia dozi moja kwenye kichupa kidogo cha bluu. "Hii ya kesho. Saa saba mchana. Saa saba, Mwalimu! Si baada ya futari."

Usiku ule Saleha alimpimia sehemu ya jioni peke yake. Mohdhar akasalisha tarawehe akiwa macho, sijida zake fupi, na baadhi ya watu wakatoka na uso wa mtu aliyekuja arusini akakosa biriani.

Usingizi hakuupata. Alilala, akaamka, akakaa, akajinyoosha sakafuni, akarudi kitandani. Saleha naye akawa macho kwa ajili yake.

"Nitawaambia mama anaumwa Lamu," Mohdhar akasema hatimaye. "Imamu anayekwenda kumuuguza mamake hakuna atakayemlaumu."

"Mama yako mzima. Yuwapanda ngazi kunishinda mie."

"Una neno jingine?"

Kulipokucha, saa aliyoiweka daktari, Saleha alimletea dawa ya asubuhi, Mohdhar akageuza uso, akasema kwa leo moja atavumilia. Saleha akaufunga mfuko wa nguo za Kilimani kwa hasira, na adhuhuri ilipofika akasimama nao ng'ambo ya barabara, chini ya kibaraza cha duka, macho kwenye mlango wa msikiti. Dakika chache tu, walikubaliana. Aombe ruhusa, atoke, waondoke.

Ndani watu walikwisha kuleta magodoro. Kulikuwa na chupa za chai za kungojea daku, kulikuwa na mablanketi. Bwana Munir alimletea Mwalimu mto mpya wenye foronya iliyotariziwa na bintiye mwenyewe.

Mohdhar akasalisha adhuhuri kwa taabu. Jasho lilikuwa linampitia mgongoni mpaka kiunoni. Alipotoa salamu akageuka, akasema haraka kabla moyo haujamruka:

"Ndugu zangu, nimepata habari mbaya kutoka Lamu. Mama yangu yuko katika hali mahututi. Naomba mniruhusu niende."

Bwana Munir akainuka na kumkumbatia.

"Kwa hiyo ndiyo maana watetemeka hivi, na sisi hatujui! Gari langu liko nje. Nitaendesha mimi mwenyewe. Futari tutaikuta Mtito Andei, na leo leo tutalala Mombasa."

"Hapana, Bwana Munir, usijisumbue..."

"Nisijisumbue? Kwa mama wa mtu aliyetusalisha sijida ile? Idarus, na wewe utafuatana nasi. Lakini kwanza, jamaa, tumuombee mama."

Mikono ikainuka safu nzima. Munir akaomba kwa sauti iliyokatikakatika, Mola mponye, Mola mpunguzie maumivu, Mola mkutanishe na mwanawe angali hai. Na watu wakaitikia amin, amin, na yule mzee wa safu ya pili akalia tena.

Mama mwenyewe saa ile, bila shaka, alikuwa barazani kwake Lamu anamgombeza muuza samaki.

Mohdhar alistahimili amin ya kwanza. Ya pili ikamchoma. Ilipokuja ya tatu aliona kwamba hawezi tena. Angeweza kudanganya watu wabaya mpaka kesho. Hawa walikuwa watu wema, na wema wao ulikuwa unamfungia kila mlango anaoufungua.

Saa ya ukutani ikagonga saa saba.

Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kichupa cha bluu, akang'oa kizibo. Akanywa. Mbele ya watu wote, mchana wa Ramadhani, chini ya mihrabu.

Mikono ya dua ilibaki hewani. Hakuna aliyejua aishushe au aiache.

Munir alikuwa wa kwanza kupata sauti, na sauti hiyo ilikuwa ya kumtetea. "Amesahau," akawaambia watu. "Ana mawazo ya mama yake, amesahau kwamba amefunga. Anayekula kwa kusahau saumu yake haiharibiki. Mwalimu, si umesahau?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilikuwa aitikie kwa kichwa tu.

"Sikusahau," Mohdhar akasema.

"Mwalimu..."

"Sikusahau, Bwana Munir. Mama yangu ni mzima. Mgonjwa ni mimi. Hii ni dawa, na ndani yake mna kasumba, na bila hiyo ndivyo nilivyo kama mnavyoniona. Nilianza hospitali, kwa sindano walizonichoma wao wenyewe. Nimejaribu kuacha, nikakosa pa kuachia. Nchi nzima nimempata mtu mmoja wa kunitibu, na Jumatano anaondoka. Leo jioni ananingoja. Nikikaa itikafu nitamkosa."

Lilibaki neno moja, na hilo ndilo zito.

"Na ile sijida haikuwa khushuu. Nilisinzia."

Kama angetukanwa ingemuuma kidogo. Munir alimtazama tu, na usoni mwake mlikuwa na maumivu ya mtu aliyeibiwa.

"Nimeisimulia mji mzima," akasema. "Nimewaandikia ndugu zangu Mombasa. Nimemwambia mke wangu kwamba usiku ule ndipo nilipojua nini maana ya kusali."

"Nisamehe."

"Sijui." Munir akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa chuo. Watoto wetu wako pale."

Mohdhar akautoa. Miaka tisa alikuwa amelala nao chini ya mto. Akauweka katika kiganja cha Munir, akauacha mto wa foronya iliyotariziwa pale ulipo, akapita katikati ya magodoro kuelekea mlangoni. Watu walimpisha, na waliokuwa karibu walikunja kanzu zao.

Nje jua lilikuwa kali. Ng'ambo ya barabara alimwona Saleha anainua mfuko. Alijiona mwepesi na alijiona amekufa, yote kwa pamoja, na alitaka jambo moja tu, kuvaa viatu vyake na kuondoka.

Pale penye viatu palikuwa na watu watatu wamejipenyeza kabla yake. Mmoja alikuwa yule mzee wa safu ya pili. Wa pili alikuwa fundi saa wa mtaa wa nyuma, ambaye Mwalimu alimjua kwa salamu tu. Wote wawili walikuwa wameinama wanatafuta makubadhi yao, wanainua hiki, wanaweka kile, na hawakuwa na dalili ya kuyapata.

Wa tatu alikuwa Idarus. Naye alikuwa anatafuta viatu, ilhali viatu vyake amevishika mkononi.

"Nilikufinya," Idarus akasema bila kuinua uso, "kwa sababu usingizi ule naujua."

Pua yake ilikuwa inachuruzika tena. Safari hii hakulitaja vumbi.

"Tangu lini, Idarus?"

"Acha hayo." Akapiga mwayo, akauzuia kwa nyuma ya mkono. Wale wawili wengine waliacha kutafuta, wakasikiliza. "Mwalimu, huko kwa huyo daktari, kuna vitanda vingapi?"

Saleha alikuwa amekwisha kuvuka barabara, anakuja na mfuko. Mohdhar aliwatazama wale watu watatu mmoja mmoja, akafungua mdomo, na jibu alilokuwa nalo lilikuwa kitanda kimoja tu.